Jinsi ya kumrekodi mzee aliyewahi kushikwa mateka vitani

Kama una babu au mjomba alishikwa mateka Vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin 1978-79, mrekodi sasa hivi, usisubiri mkutane msibani. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70.

Usianze na mateso. Mi nilianza hivyo na babu mmoja hapa Igoma, Mwanza, alikuwa askari akashikwa upande wa Kyaka wakamvusha Uganda, nikamuuliza babu walikupiga? Akanyamaza, akaniambia kunywa chai mjukuu wangu, ikaishia hapo. Wiki iliyofuata nikaenda na sato, tunakula nikamuuliza kule mlikuwa mnakula nini, akaongea saa nzima. Muhogo mmoja watu sita, wanaupima kwa uzi uliochomolewa kwenye shati, na anayekata ndo anachukua cha mwisho ili asipendelee mtu. Vipigo akavitaja mwenyewe humo humo kwenye muhogo, wala sikuuliza. Kwahiyo anza na chakula, alafu walilala wapi, alafu nani alikuwa rafiki yake.

Simu iweke juu ya kitambaa, zima data, redio izimwe, nenda asubuhi kabla daladala hazijachachamaa. Dakika 40 zinatosha, akichoka acha.

Tarehe usimbane, mpe vitu vya kushikilia: ilikuwa kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa au baada? Kampala inaanguka tarehe 11 Aprili 1979 we ulikuwa wapi? Akichanganya usimsahihishe, andika pembeni. Muulize pia kama aliwahi kuruhusiwa kuandika nyumbani, maana Mkataba wa Geneva wa 1949 unasema mateka hata akiwekewa kikomo asipungukiwe barua 2 na kadi 4 kwa mwezi, na jibu lake hapo litakwambia mengi kuhusu waliomshika.

Usirushe kwenye grupu la ukoo mpaka akubali. Kuna majina atayataja ya waliofia kule, na watoto wao wapo. Kopi moja kaa nayo, nyingine mpe ndugu.

Alafu bibi naye mrekodi, peke yake. Yule wa Igoma mkewe alikuwa hapa hapa Mwanza Machi 1979 ndege ya Libya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilipolenga depo ya mafuta ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala, na siku hiyo ilikuwa miezi mitano imepita hajui kama mumewe yuko hai. Hakuna aliyewahi kumuuliza.