Kupeleka umeme kwenye taa za chini ya kabati za jikoni

Taa ya dari iko nyuma yako unaposimama kwenye kaunta, kwa hiyo kivuli chako ndicho kinachoangukia kisu na vitunguu. Mkanda wa LED chini ya kabati za juu unamaliza shida hiyo. Kuubandika hakusumbui, kinachotaka akili ni umeme utatoka wapi na utapita wapi. Nachukua jiko la kawaida la Tanzania: volti 230, kabati za juu zenye urefu wa mita 3.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Soma wati kwa mita kwenye lebo ya mkanda. Tuseme ni 9.6. Mita 3 ni wati 28.8. Ongeza asilimia 20 ili dreva (kifaa kinachogeuza volti 230 kuwa volti ndogo za mkanda) isifanye kazi ikiwa imebanwa: unapata karibu 35, basi nunua ya wati 40. Nenda na volti 24, si 12. Kwa 12 mkanda huu unakula ampea 2.4, kwa 24 ni 1.2 tu, na upotevu kwenye waya unapungua. Dreva na mkanda lazima viwe vya volti moja.

Hatua ya 2: Chagua chanzo cha umeme

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Wengi hufungua swichi ya taa ya dari kwa sababu iko karibu. Katika nyumba nyingi ambazo waya zimepitishwa kwenye bomba ukutani, ndani ya boksi la swichi utakuta laini (waya unaoleta umeme) na waya unaopanda kwenye taa, basi. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) haipo, iko juu kwenye taa. Fundi wa haraka haraka atachukua eathi aifanye nyutro, na taa itawaka vizuri tu. Usikubali. Unapitisha mkondo kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya usalama: kama kuna breka ya kuzuia shoti itakuwa inaanguka, na kama eathi imekatika mahali, bodi la chuma la friji linaweza kukupiga shoti.

Ninachopendelea ni soketi ya kaunta. Toka hapo, panda wima na bomba na waya wa milimita za mraba 2.5 hadi ndani ya kabati, weka soketi moja humo. Wima, si mshazari, ili atakayetoboa ukuta kesho ajue waya ulipo. Dreva ichomekwe kwa plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Fyuzi ya 13 inayokuja na plagi nyingi ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa dreva, ibadilishe.

Kuongeza soketi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama soketi tayari ipo ndani ya kabati, hatua ya 4 hadi 6 unaziweza mwenyewe.

Hatua ya 3: Zima, kisha pima

Kabla wewe na fundi hamjafungua soketi ya kaunta, zimeni breka yake. LUKU (umeme wa kulipia kabla) kuisha si kuzima umeme: mtu akiingiza tokeni sebuleni, waya uko hai mkononi mwako. Pima laini kwa nyutro, laini kwa eathi, nyutro kwa eathi, kuhakikisha hakuna umeme. Usiamini rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya kahawia na buluu, na zilizokarabatiwa zina mchanganyiko.

Hatua ya 4: Weka dreva

Iwe ndani ya kabati mbali na jiko la gesi, ikae wazi, unapoweza kuifikia bila kubomoa kitu. Usiifukie nyuma ya mbao. Joto linaiua mapema, na mende wanalipenda.

Hatua ya 5: Waya wa volti 24 na mkanda

Toboa sakafu ya kabati, lainisha tundu kwa msasa, pitisha waya wa milimita za mraba 0.75. Swichi ndogo ya kugusa, ya volti 24, ikae kati ya dreva na mkanda.

Futa mafuta kwa spiriti, funga profaili ya alumini (reli ya kushikilia mkanda) karibu na ukingo wa mbele wa kabati, kisha bandika mkanda ndani yake. Ukiubandika moja kwa moja kwenye mbao, gundi itaachia. Kata penye alama tu. Karibu na sinki tumia mkanda wenye IP65, yaani uliokingwa na maji. Juu ya jiko la gesi upite waya tu, bila mkanda, tena ndani ya kabati. Unganisha chanya kwa chanya: ukigeuza, mkanda hauwaki.

Hatua ya 6: Jaribu

Washa kwa saa moja, kisha shika dreva. Uvuguvugu ni sawa. Ikikushinda kuishika, imezidiwa au haina hewa. Pima volti mwisho wa mkanda. Ukikuta 22 au chini, na mwanga umefifia upande huo, peleka waya mwingine kutoka kwenye swichi hadi ncha hiyo, mkanda ulishwe pande zote mbili.