Somo: Kusimamia zamu kwenye mtambo wa kuchenjua kinywe (grafiti), kuanzia karasha (mashine ya kuponda mawe) hadi gunia

Somo hili ni la wasimamizi wa zamu, hasa wale waliozoea dhahabu na sasa wameingia kwenye kinywe cha Ruangwa na Masasi. Dhahabu inakuzoesha kusaga mpaka unga. Kwenye kinywe tabia hiyo ni hasara, kwa sababu bei inapangwa na vitu viwili kwa pamoja: kiasi cha kaboni na ukubwa wa gamba, yaani kipande bapa cha kinywe. Watu wa kusini hawahitaji maelezo marefu hapa. Korosho nzima na korosho iliyovunjika zimetoka mti mmoja lakini hazilipwi sawa. Kaboni ikiwa pungufu, mzigo unaweza kurudishwa ukasafishwa. Gamba likishavunjika ndiyo basi.

Madaraja yanayotumika sana ni haya (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, meshi ni namba ya chekeche): juu ya mikroni 300 (meshi 50), 180 hadi 300 (meshi 80), 150 hadi 180 (meshi 100), na chini ya 150. Yakariri, maana ripoti ya zamu isiyo na jedwali la chekeche haikuambii kama umeingiza faida.

Hatua ya 1: Makabidhiano
Usiyafanyie ofisini. Tembea na mwenzako anayetoka, na anzeni mkiani mwa mtambo: bwawa la mabaki, kisha seli za povu (matangi ambamo kinywe huelea na povu na mawe hubaki chini), mwisho karasha. Ukianzia karasha utachoka kabla hujafika panapopotea mali. Uliza tani zilizolishwa, kaboni ya mwisho, matokeo ya chekeche, kiwango cha matangi ya dawa, na mashine gani imefungwa kufuli ili isiwashwe wakati wa matengenezo. Ufunguo wa kufuli hukaa na aliyeifunga. Kama ameondoka nao, apigiwe simu arudi, usikate kufuli kwa haraka ya uzalishaji.

Hatua ya 2: Mlisho
Mjue jiolojia wa zamu na muulize mawe yanatoka uso upi wa shimo. Mwamba uliooza wa juu ni laini na una udongo mwingi. Mwamba mbichi wa chini ni mgumu na mara nyingi una salfaidi (madini yenye salfa). Mtambo hauwezi kufuata mabadiliko ya kila lori, kwa hiyo changanya kwenye rundo kabla ya karasha na uweke uwiano huohuo zamu nzima.

Hatua ya 3: Kinu na uzito wa tope
Kinu cha fimbo kinapendelewa mwanzoni kwa sababu fimbo hubana vipande vikubwa kwanza na kuacha vidogo vipite. Mitambo mingi ya magamba makubwa hulenga asilimia 80 ya tope ipite chekeche la mikroni 500 hadi 700 hapa. Chini ya hapo unavunja magamba ambayo povu lingeyachukua yakiwa mazima.

Kila saa pima uzito wa tope (mawe yaliyosagwa na maji) kwa mizani ya lita moja. Kama mawe yana uzani wa 2.65 (mara 2.65 ya maji) na lita ya tope ina kilo 1.25, hesabu ni hii: 2.65 × 0.25, gawa kwa (1.25 × 1.65), unapata takriban asilimia 32 ya mango (mawe yaliyomo kwenye tope, kwa uzito). Lita ikiwa na kilo 1.20 ni asilimia 27, ikiwa na 1.30 ni 37. Bandika jedwali hilo ukutani karibu na mizani, si kila mtu atapiga hesabu saa tisa usiku.

Tope zito mno hukaa muda mrefu kinuni, na gamba linasagwa zaidi ya inavyohitajika. Jepesi mno, fimbo zinagongana zenyewe. Utasikia mlio mkali wa chuma. Msimamizi mzuri husikia kinu kabla hajasoma ampea.

Hatua ya 4: Dawa
Kinywe kwa asili hakipendi maji, kwa hiyo mkusanyaji wake (dawa ya kukifanya kishike mapovu) ni mafuta mepesi tu: dizeli au mafuta ya taa, pamoja na dawa ya kutoa povu. Kosa kubwa liko kwenye kupima. Mfano: mtambo unalisha tani 40 kwa saa, na maabara imeagiza gramu 200 za dizeli kwa tani. Hiyo ni kilo 8 kwa saa. Dizeli ina takriban kilo 0.84 kwa lita, kwa hiyo ni lita 9.5 kwa saa, sawa na mililita 159 kwa dakika. Chukua silinda ya kupimia, kinga bomba la dawa kwa sekunde 60, soma. Usiamini namba ya kwenye pampu. Diaframu ikichakaa namba inabaki ileile na dawa inapungua.

Mlisho ukishuka hadi tani 30, dizeli nayo ishuke hadi karibu mililita 119. Zamu nyingi husahau hili, ndiyo maana povu huharibika nusu saa baada ya mkanda kupunguzwa.

Hatua ya 5: Kulisoma povu
Hapa ndipo msimamizi anapopata mshahara wake. Simama juu ya seli ya kwanza. Povu zuri la mwanzo ni jeusi la kijivu linalong'aa kama risasi, lina mapovu ya wastani, na linavunjika lenyewe likishaanguka kwenye mfereji. Chovya kidole, sugua kwenye kiganja: magamba yatelezeke na kung'aa. Ukisikia mchanga unakwaruza, seli inabeba mawe.

Povu likilala bapa, lenye mafuta, lisilosogea, dizeli imezidi. Mafuta yakizidi yanaua povu. Likifurika mpaka mfereji unajaa na limejaa maji, dawa ya povu imezidi au kina cha povu ni kifupi, na maji hayo yanabeba silika laini mpaka kwenye makinikia. Likiwa jembamba na jeupe kwenye seli za mwisho za hatua ya mwanzo, ni sawa, maana kinywe kimeisha. Likiwa bado jeusi kule mwisho, mali inakwenda bwawani.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha subiri. Mtambo wenye maji ya kuzunguka huchukua muda kutulia, na mtu anayegusa valvu ya hewa, dizeli na kina kwa mpigo hatajua kilichosaidia.

Hatua ya 6: Kung'arisha
Makinikia ya kwanza bado yana maika na kwatzi zilizobanwa kati ya tabaka za gamba. Yanasuguliwa kwenye kinu cha kung'arisha chenye shanga za kauri, kisha yanaelea tena, mara kadhaa. Tenganisha kwa chekeche la mikroni 180 mapema. Makubwa yasuguliwe kidogo, madogo ndiyo yasuguliwe sana. Ukisugua yote pamoja ili kuokoa pampu moja, unalipa kwa daraja la juu.

Hatua ya 7: Kuchuja, kukausha, kufunga
Unyevu wa mwisho uwe chini ya asilimia 0.5. Weka joto la mzigo unaotoka kwenye kikaushio karibu digrii 100 hadi 120; moto usiguse kinywe moja kwa moja, kwani kwenye joto la mamia ya digrii kikiwa na hewa kinaanza kuungua na unapoteza uzito bila kuona moshi. Parafujo za kusafirishia na mabomba ya kupuliza kwa hewa huvunja magamba pia. Linganisha chekeche kabla ya kikaushio na kwenye gunia. Daraja la juu likishuka katikati, mvunjaji yuko hapo, si kinuni.

Vumbi la kinywe hupitisha umeme. Paneli za umeme zifungwe kwa mpira wake, zisafishwe kwa kifyonza, kamwe si kwa hewa ya kompresa. Na sakafu yenye kinywe na maji inateleza kuliko sabuni, ngazi ndiyo mbaya zaidi.

Hatua ya 8: Hesabu ya zamu
Sampuli ikate mkondo wote wa tope, upande hadi upande, kwa mwendo mmoja. Mdomo wa chombo uwe angalau mara tatu ya kipande kikubwa, na usipungue milimita 10. Kukinga pembeni tu kunachukua chembe za pembeni tu.

Mlisho una kaboni asilimia 9, makinikia 95, mabaki 0.6. Upatikanaji ni 95 × (9 − 0.6), gawa kwa 9 × (95 − 0.6): asilimia 93.9. Mabaki yakipanda hadi 1.2 unashuka hadi 87.8. Tofauti ya 0.6 inaonekana ndogo kwenye karatasi, kumbe ni karibu kilo 600 za makinikia kwa kila tani 100 za mawe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Ruangwa: Shikamoo mwalimu. Kaboni imeshuka kutoka 95 hadi 91 ndani ya zamu moja. Nimeongeza dizeli, hali ni ileile.
Jibu: Marahaba. Rudisha dizeli ilipokuwa. Dizeli inakamata kinywe, haiondoi mawe. Chekecha makinikia na uchome kila daraja peke yake. Jivu likiwa kwenye yaliyozidi mikroni 180, ni maika iliyobanwa: angalia shanga za kung'arisha zimepungua au mota inavuta ampea ndogo. Jivu likiwa chini ya 75, ni silika iliyobebwa na maji: ongeza kina cha povu na maji ya kuoshea kwenye seli za kusafishia. Jibu la kipimo hiki huamua yote, usikisie.

Swali, Nachingwea: Mabaki yetu kwa kuchoma yanasoma 2.8, lakini povu la mwisho ni jeupe kabisa. Nani anasema uongo?
Jibu: Kipimo. Kuchoma kunapima uzito uliopotea, na kwenye mabaki udongo, maika na kaboneti nazo hupoteza uzito. Kwa makinikia ya 95 njia hiyo inafaa, ukitoa mvuke na jivu. Kwa mlisho na mabaki tumia mashine ya kaboni, baada ya kuondoa kaboneti kwa asidi ya haidrokloriki.
Nyongeza ya mwanachama: Hata kwenye makinikia, angalia kikombe kikitoka tanurini. Kukiwa na vidoa vyeusi kwenye jivu, gamba kubwa halijaisha kuungua. Rudisha, pima tena mpaka uzito usibadilike, la sivyo unajipunguzia kaboni mwenyewe.

Swali, Masasi: Dizeli ikiisha, naweza kutumia mafuta ya taa? Na oili chafu je?
Jibu: Mafuta ya taa ndiyo, ila ni mepesi kidogo, takriban kilo 0.80 kwa lita, piga hesabu ya mililita upya. Oili chafu hapana. Inaua povu, inaingia kwenye maji ya kuzunguka, na utaisafisha wiki nzima.

Swali, Lindi: Kuanzia Desemba karasha letu linaziba kila siku na povu linakuwa zito, halivunjiki. Tupunguze tani?
Jibu: Udongo ndio huo. Lundika mwamba mbichi mkavu kabla ya mvua, uchanganye na wa juu, na weka chekeche la kuondoa udongo kabla ya karasha. Kwenye seli, punguza mango hadi karibu asilimia 25, sodiamu silikate kidogo itawanye udongo. Tani zishuke kama hayo yameshindikana.
Nyongeza ya mwanachama: Na kila asubuhi ya masika pima nafasi iliyobaki kati ya maji na ukingo wa bwawa la mabaki. Iandikeni kwa sentimita kwenye daftari la zamu. "Ipo sawa" siyo kipimo, na mkaguzi akija ataomba daftari.

Swali, Ruangwa: Magunia mawili yamekutwa na vumbi la chuma. Linatoka wapi?
Jibu: Fimbo za kinu na pampu zilizochakaa. Weka sumaku kwenye mfereji kabla ya kuchuja, uifute kila zamu, na pima uzito wa kilichonaswa. Kikipanda ghafla, fungua pampu ya tope kabla hujagusa kinu. Mara nyingi impela ya pampu (pangaboi linalosukuma tope) ndiyo inayoliwa.