Ukienda kununua kasha la kompyuta, beba mita na kipande cha katoni

Mdogo wangu anahariri video za harusi katika chumba kimoja huko Katindo, hapa Goma. Siku moja saa tatu usiku akanipigia: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu hapa), kadi imekataa kuingia." Kasha ni lile bati la nje linalobeba vipande vyote vya kompyuta, hapa tunaliita bwatie. Boksi lake lilikuwa limeandikwa kwamba linapokea kadi ya grafiki, yaani kipande kinachotengeneza picha za skrini, ya urefu wa milimita 330. Kadi yake ilikuwa na milimita 322. Nikabeba turnevisi (bisibisi) mbili nikaenda, nikijua kabisa kwamba yeye ndiye aliyekosea. Saa tisa za usiku tulikuwa bado tumekaa sakafuni, kasha likiwa wazi kama kuku aliyepasuliwa, kompyuta haijawaka.

Tangu hapo, mtu akiniambia anataka kujiundia kompyuta humwambia anisubiri twende wote dukani. Kwa wale nisioweza kwenda nao, haya ndiyo ninayoyafanya. Nazungumzia kasha la ukubwa wa kati, lile refu kidogo kuliko goti, ambalo ndilo wengi hununua.

Hatua ya 1: Jua vipande vyako kwanza

Kasha hununuliwa mwisho. Andika kwenye karatasi aina ya madabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote), urefu, upana na unene wa kadi ya grafiki, kimo cha kipoza cha prosesa (kinachoondoa joto la ubongo wa kompyuta), na urefu wa pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani). Madabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha la kati hupokea zote tatu. Ukiambiwa linapokea na E-ATX, yaani madabodi pana zaidi, pima, kwa sababu jina hilo kila mtengenezaji hulitumia apendavyo.

Hatua ya 2: Lifunguliwe mbele yako

Muuzaji asipokubali kufungua boksi, aga kwa heshima uende duka la pili. Mtaa wa Birere maduka hayakosekani.

Likifunguliwa, toa vifuniko vyote viwili vya ubavuni. Bonyeza bati kwa kidole gumba katikati: likibonyea na kulia kama kopo la maziwa, ni jembamba mno, na feni zikizunguka litatetemeka usiku kucha. Pitisha kidole taratibu kwenye kingo za ndani. Nina kovu kwenye kidole cha shahada kutokana na kasha la bei ya kutupwa. Halafu liweke mezani usukume kona moja moja. Lisipotulia kwa miguu yote minne, limepindika safarini, na madabodi itakataa kulingana na matundu yake.

Hatua ya 3: Pima nafasi ya kadi ya grafiki

Hapa ndipo tulipopotelea usiku ule, kwa hiyo nitakaa hapa.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kasha tupu. Wamepima kutoka bati la nyuma, pale kadi inapofungwa kwa skrubu, mpaka bati la mbele, bila feni ya mbele. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25. Kasha la mdogo wangu lilikuja na feni tatu za milimita 120 zimefungwa mbele, kwa ndani. Basi 330 toa 25 inabaki 305, na kadi ni 322. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, lakini saa nne za usiku sisi wawili hatukuiona. Tulikuwa tunasukuma.

Na ukitaka kupoza kwa maji, ukafunga redieta (bati la mapezi linalopoza maji hayo) mbele, unatoa zaidi: redieta nyingi zina unene wa milimita 27, ongeza feni 25, ni 52. Lile lile 330 limekuwa 278.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Weka ncha ya mita kwenye upande wa ndani wa bati la nyuma, uinyooshe hadi uso wa feni ya mbele, usiishie kwenye bati. Kwenye namba utakayopata toa milimita 10 nyingine, maana kadi haiingii ikiwa imenyooka. Inaingia imeinama, mdomo wa bati lake ukitangulia kushuka nyuma ya madabodi, ndipo unaikandamiza kwenye tundu lake. Kadi inayotoshea barabara kwenye karatasi inaweza kukosa nafasi ya kuinama.

Angalia pia kama kuna kizimba cha hadi disiki (diski ya kuhifadhia mafaili) mbele ya kadi. Kikiwa cha skrubu utakitoa. Kikiwa cha ribiti, misumari isiyofunguka, hicho ni chako mpaka kasha lizeeke.

Kama kadi bado iko njiani kutoka Kampala au Dubai, kata katoni kwa kipimo chake. Mimi hutumia katoni ya sabuni, ni ngumu kiasi na haina mikunjo mingi. Kwa kadi ile ningekata milimita 322 kwa 140, nigundishe vipande mpaka unene ufike 60, niiingize kasheni mbele ya muuzaji. Mzee mmoja wa dukani alinicheka: "Mwanangu, unanunua bwatie ao unapima jeneza?" Nilicheka naye, nikaendelea kupima.

Urefu ukishakubali, usishangilie. Sisi tulishangilia. Tuliing'oa feni ya chini, tukaisogeza ya katikati juu kidogo kwenye matundu yake marefu, kadi ikaingia, tukagonganisha viganja kwa furaha. Kisha tukachukua kioo cha ubavuni kukifunga, kikagoma.

Tatizo lilikuwa waya wa umeme. Kadi nyingi za leo hupokea umeme kwenye ukingo unaotazama kioo. Waya unatoka moja kwa moja kuelekea kioo halafu unapaswa kupinda kushuka, na kupinda kunataka nafasi. Upana huo hakuna anayeuandika kwenye boksi, lakini unaweza kuukadiria. Tafuta kimo cha juu cha kipoza ambacho kasha linapokea, hicho huandikwa. Toa upana wa kadi. Kasha letu lilipokea kipoza cha milimita 160, kadi ilikuwa na upana wa 140, zinabaki 20. Plagi za pini nane peke yake zinakula karibu zote kabla waya haujaanza kupinda. Mimi nataka zibaki 35 au zaidi. Chini ya 30 silinunui, hata kama ni la bei nzuri.

Na usiukandamize waya kwa kioo ukisema utazoea. Plagi inayovutwa upande hulegea, na plagi iliyolegea hupata moto. Kadi mpya zenye plagi moja ndogo ya pini 16 ndizo za kuogopa zaidi. Mwaka 2022 watu walipoanza kuonyesha plagi za aina hiyo zilizoyeyuka kwenye kadi ya RTX 4090, jibu la NVIDIA, kampuni ya kadi hiyo, lilikuwa kwamba hazikusukumwa mpaka mwisho. Sasa fikiria plagi ambayo kioo kinaisukuma pembeni kila siku.

Mwishowe mdogo wangu alikaa wiki mbili bila kioo, kompyuta ikila vumbi, mpaka alipompata mtu mwenye kadi fupi wa kumuuzia kasha lile. Alipoteza dola 25 hapo.

Kitu cha mwisho kwenye hatua hii ni unene. Kadi ya nafasi tatu ina karibu milimita 60, na feni zake zinatazama chini. Kati ya feni hizo na kifuniko cha pawa saplai acha angalau vidole viwili. Vinginevyo zitavuta hewa isiyokuwepo.

Hatua ya 4: Hewa, na vumbi letu

Kasha zuri la mtaa wa kijani wa Ulaya linaweza kuwa kasha baya la mtaa wa Ndosho, hapa Goma. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya lava, na ile iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilikata katikati ya mji mpaka ziwani. Mawe yake yanasagwa na matairi kila siku, na kuanzia Juni mpaka Agosti, mvua ikikatika, unga ule mweusi unaingia hata kwenye sukari. Kompyuta nayo ni feni zinazovuta siku nzima.

Uso wa mbele uwe wa wavu. Hapo sina mjadala. Vile vya kioo kitupu mbele, na nafasi nyembamba pembeni ya kupitisha hewa, ni mapambo ya sebuleni. Jaribu hivi: washa tochi ya simu ndani ya kasha, ukiielekeza mbele. Mwanga ukitoka sawasawa, hewa itaingia. Ukiona mistari miwili tu pembeni, rudisha.

Lakini wavu mtupu hautoshi, unataka chujio la vumbi nyuma yake, lingine chini kwenye pawa saplai, na yote yatoke bila kulaza kompyuta. Litoe chujio la chini mbele ya muuzaji. Kama inabidi uinue kasha zima ili litoke, nakuhakikishia utalisafisha mara moja, siku ya kwanza. Wakati wa kiangazi mimi huyaosha ya kwangu kila wiki mbili kwa maji tu, nikayaanika kivulini mpaka yakauke kabisa.

Feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa. Mbili au tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa, inatosha. Ukifanya kinyume, kasha litanyonya hewa kwenye kila upenyo usio na chujio. Kama juu kuna matundu na huweki feni, yafunike.

Jambo jingine ambalo video za mtandaoni hazitakuambia: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Feni ikizunguka kasi ile ile inasukuma hewa nyepesi zaidi, inayobeba joto kidogo zaidi. Ubaridi wetu wa jioni unasaidia, ila ukiona mtu wa mji wa pwani anasema kasha fulani linatosha kwa feni mbili, weka tatu.

Ukitaka jina, Corsair 4000D Airflow ndilo ninalolitumia kama kipimo cha kulinganishia: upana wa milimita 230, kadi hadi 360, kipoza hadi 170. Hata kipoza kikubwa cha Noctua NH-D15 chenye kimo cha 165 kinaingia. Si lazima ununue lenyewe. Lenye namba karibu na hizo na wavu mbele litakufaa. Taa za rangi rangi waachie wenye baa.

Hatua ya 5: Pawa saplai iliyokuja bure

Ikiwa kasha linauzwa pamoja na pawa saplai, omba wakupunguzie bei waitoe. Ishike mkononi: imeandikwa wati 500 na ni nyepesi kama redio ya betri. Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, hiyo siiungi hata na taa. Nunua yako. Upana na kimo cha ATX ni vile vile daima, 150 kwa 86, urefu tu ndio hubadilika.

Miguu ya kasha iwe na kimo cha milimita 20 au zaidi, maana pawa saplai inavuta hewa kutoka chini. Usiliweke juu ya zulia.

Hatua ya 6: Vijiguu vya shaba na waya za mbele

Hesabu vijiguu vya shaba vinavyobeba madabodi. ATX kamili hutumia tisa. Ukifunga Micro-ATX, ng'oa kila kijiguu ambacho hakiko chini ya tundu la skrubu. Kinachobaki hugusa nyuma ya madabodi na kupiga shoti: kompyuta inawaka sekunde moja, inazima. Ukijifunza hili kwa kusoma, umepona.

Hakikisha waya ya USB ya mbele ina plagi inayolingana na madabodi yako, na kwamba vitufe havinasi. Kibonyeze cha kuwashia mara ishirini. Kuna vinavyonasa mara ya saba.

Hatua ya 7: Kulifikisha nyumbani

Kama lina kioo, usikiache mahali pake. Kifungue dukani, kifunge kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne, kibebe mwenyewe mapajani. Kioo hiki kikipasuka hakitoi ufa, kinamwagika chote kama mahindi, na pigo dogo kwenye kona linatosha. Kasha litangulie kwa moto (pikipiki) au hata chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, halina neno, bati linavumilia mawe ya barabarani.

Ukifika, usikilaze kioo kwenye vigae wala saruji. Kilaze kitandani. Na wakati wa kukirudisha, kaza skrubu zake kwa vidole tu, zile raba ndogo nyeusi zikiwa kila moja mahali pake. Turnevisi iache mfukoni.