Kabla Hujahamisha Kichujio cha Spamu Kwenye Seva Mpya

Nakala rudufu ya kichujio, yaani cha barua taka, ichukuliwe leo, usingoje usiku wa kuhama. Ihifadhiwe nje ya seva zote mbili.

Orodha za watumaji wanaoruhusiwa na wanaozuiwa huwa mahali pawili: ya seva nzima, na ya kila mtumiaji kwenye folda yake. Beba zote.

Kwa wanaotumia SpamAssassin, programu ya kuchuja spamu: toleo la 4.0 lilileta jina welcomelist_from badala ya whitelist_from, kwa mstari unaotaja watumaji wanaoruhusiwa. La zamani bado linakubalika katika toleo hilo, ila anza kulibadilisha. Ukishaweka faili, endesha spamassassin --lint, inayokagua mipangilio, na usiendelee mpaka inyamaze, yaani isionyeshe kosa lolote.

Ujuzi ambao kichujio kimejikusanyia kwa miaka usiuhamishe kwa kunakili faili zake tu. Utoe kwa sa-learn --backup, uurudishe kwa sa-learn --restore, ukitumia akaunti ileile inayoendesha kichujio. Ukiupoteza, sehemu hiyo itakaa kimya mpaka ifundishwe spamu 200 na barua halali 200.

Sasa DNS, huduma inayojibu maswali kuhusu majina na anwani za mtandaoni, na hapa nisikilize vizuri. Nilihamisha seva ya ofisi Ijumaa usiku. Mipangilio niliilinganisha mstari kwa mstari, haikupungua hata nukta. Ndani yake mlikuwa na amri ya Postfix, programu inayopokea na kutuma barua pepe, iitwayo reject_rbl_client, inayouliza orodha ya anwani za watuma spamu kabla ya kupokea barua. Seva ya zamani ilikuwa na DNS yake yenyewe. Ile mpya ilikuwa imeelekezwa kwenye DNS ya umma, nami sikuangalia. Huduma ya orodha ile haihudumii maswali yanayopitia huko, hurudisha 127.255.255.254, yaani umeuliza kupitia njia isiyokubalika. Amri yangu haikutaja majibu gani yahesabiwe, hivyo kila jibu ikalisoma kuwa huyu ni mtuma spamu. Kila aliyetuandikia akafungiwa mlango.

Wikendi nzima masanduku yalikuwa kimya na niliuona ukimya ule kuwa dalili njema. Jumatatu mwenzetu anayeshughulikia ajira akauliza mbona hajapata maombi hata moja, na siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Hayakuwa kwenye folda ya spamu. Yalikataliwa kwa msimbo 554, unaoiambia seva ya mtumaji isijaribu tena. Tulichambua logi, yaani kumbukumbu za seva, tukatoa anwani za waliokataliwa, tukawaandikia mmoja mmoja. Wengine hawakujibu. Bado inaniuma.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango, ingia kwenye seva mpya na uulize orodha hiyo kwa mkono, uone inajibu nini. Ndani ya amri andika majibu yanayokubalika, kama huduma yenyewe inavyoelekeza. Na siku za mwanzo weka soft_bounce = yes kwenye Postfix, ili kila kukataa kuwe kwa muda na mtumaji ajaribu tena wakati wewe unarekebisha. Usisahau kuiondoa.

Anwani ya IP ikibadilika, rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, ibadilike nayo. Kama kuna seva nyingine inayopokea barua mbele yako, iingize kwenye trusted_networks, mpangilio wa SpamAssassin unaotaja seva za kuaminiwa. Jitumie barua kutoka nje, zaidi ya moja, kutoka kwa watoa huduma tofauti. Soma logi asubuhi na jioni. Waambie watumiaji wapekue folda ya spamu kwa wiki mbili, na seva ya zamani usiifute bado. Ijumaa usihamishe chochote.