Apatimenti ya pwani kwa mkusanyaji: nafasi iwe tupu, picha na fenicha za zamani zibaki salama

Watu wakisikia nyumba ya minimalizimu, yaani ya vitu vichache na nafasi nyingi, wanafikiri lazima uuze nusu ya vitu vyako, na mtu anayekusanya picha na fenicha za zamani hilo hawezi, roho itamuuma. Sio lazima kabisa. Vitu vyako unabaki navyo vyote ila vinavyokaa wazi kwa wakati mmoja ni vichache, vingine viko stoo vinasubiri zamu. Ukishakubali hilo kilichobaki ni mipango na fundi mzuri. Naongelea hizi apatimenti zetu zinazotazama bahari, Masaki na Upanga za Dar, Nyali ya Mombasa, ambako ile hewa unayoilipia kodi kubwa ndo hiyo hiyo inayokula mbao, shaba na karatasi.

Mfano mzuri tunao huku huku pwani. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 vyumba vyake ni vyembamba, upana mita 3 hivi au pungufu kwasababu dari linabebwa na boriti za mikoko na boriti ina kikomo chake, kuta ni chokaa nyeupe, fenicha chache sana, alafu ukuta mmoja wa ndani ndo umejaa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za kuwekea vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Fanya hivo hivo kwako: ukuta mmoja ubebe mkusanyiko, zingine ziache. Chagua ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mwambie fundi wa jipsamu aongeze ukuta wa pili mbele yake wenye zidaka za kina cha sentimita 20 au 25, usimruhusu achimbe zege la jengo. Rangi iwe nyeupe iliyopoa, isiyong'aa, ile rangi ya silki inayong'aa inarudisha mwanga wa baharini mpaka macho yanauma na picha huioni vizuri.

Jua sasa. Bahari yetu iko mashariki kwahiyo dirisha la kutazama bahari linapigwa na jua la asubuhi, na hilo linaingia limelala mpaka mwisho wa sebule. Michoro ya rangi ya maji, picha za zamani na karatasi yoyote usiweke huko hata kwa wiki, makumbusho wanaziwekea mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), picha za rangi ya mafuta kama 200, na jua la dirishani ni maelfu. Bandika tinti ya kuzuia miale ya yuvi, ile ya jua inayofifisha rangi, kwenye vioo, wale wa kubandika tinti za magari wengi wanafanya na nyumba, ipo isiyo na rangi na bahari unaiona kama kawaida. Weka na pazia jepesi jeupe. Balbu za usiku chukua LED ya mwanga wa njano kidogo yenye CRI (kipimo cha balbu inavyoonyesha rangi halisi) 90 kwenda juu, hapo ndo utaona nyekundu ya mchoro wa Tingatinga ilivyo.

Unyevu ndo kesi kubwa kuliko zote na watu wanaupuuza mno. Ukungu unaanza kupenda nyumba yako hewa ikizidi asilimia 65 au 70 ya unyevu, na pwani kuzidi hapo ni jambo la kila siku. Nunua haigromita, kile kipimo cha unyevu wa hewa, ni kitu kidogo na sio ghali, iweke karibu na ukuta wa picha uwe unaiangalia. Lenga 55 mpaka 60 na muhimu zaidi isipande na kushuka. Mtu anawasha AC nyuzi 18 akirudi kazini, asubuhi anazima na kufungua madirisha yote, mbao inavimba na kusinyaa kila siku mpaka gundi inaachia na mpingo unapasuka, kinyago cha Kimakonde kikipigwa na AC moja kwa moja kinatoka ufa kutoka juu mpaka chini na hakuna fundi wa kuurudisha. Bora nyuzi 25 muda mrefu, au mashine ya kukausha hewa kwenye chumba kimoja. Kipindi cha kusi, hasa Juni mpaka Agosti upepo ukiwa mkali, funga madirisha ya upande unakotoka upepo, ile chumvi inatua juu ya kila kitu, ipanguse na kitambaa chenye unyevu kidogo sana alafu kikavu papo hapo.

Kutundika: katikati ya picha iwe sentimita 150 toka sakafuni, shusha kidogo kama makochi yako ni ya chini. Misumari ya kawaida inaliwa na kutu, tumia skrubu za chuma cha pua aina ya 316, 304 karibu na bahari haidumu vile. Nyuma ya fremu bandika vipande vya koki kwenye pembe ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Tingatinga zile za mwanzo, za miaka ya 1968 mpaka 1972 Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipokuwa hai, zilichorwa kwa rangi ya enameli juu ya hadibodi, na hadibodi ikinywa maji inavimba pembeni, kwahiyo hizo zikae mbali kabisa na ukuta wa nje. Na ukuta mmoja picha moja ya namna hiyo inatosha, ina rangi nyingi inataka nafasi ya kupumua.

Fenicha chagua kipande kimoja kikubwa kiwe mfalme wa chumba, sanduku la msaji lenye njumu za shaba au kitanda cha samadari cha kuchonga, vilivyobaki viwe vyepesi, viti viwili vya henzirani, mkeka, basi. Shaba usiing'arishe kila wiki, unakula historia yake, pakaa nta ya nyuki kidogo. Chini ya miguu ya fenicha weka vipira, maana deki inayopigwa kila siku maji yanapanda kwenye mbao taratibu mpaka mguu unaoza. Ukiona unga laini chini ya kiti ujue wadudu wamo, kitoe leo leo kikae peke yake.

Stoo iwe chumba cha ndani, picha zisimame wima hazilaliani, zifunikwe na kitambaa cha amerikani kilichofuliwa kikatoka wanga, nailoni usitumie inafungia unyevu ndani. Piga kila kitu picha na andika ulikitoa wapi. Badilisha kwa misimu, kaskazi ikiingia na kusi ikiingia.

Ukienda kununua kinyago kigeuze chini, mpingo halisi ni mzito unazama kwenye maji na mara nyingi utaona ukanda wa njano wa mbao ya nje iliyo chini ya gome, kile kilichopakwa kiwi kitaacha weusi kwenye kitambaa chenye maji. Kiti cha enzi chenye pembe ya ndovu usikiguse bila karatasi za kueleweka, biashara ya pembe kimataifa ilifungwa tangu uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na milango ya zamani ya kuchonga Tanzania Bara iko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwahiyo muulize muuzaji kibali kabla hujatoa hata shilingi ya advansi.