Kani zinazolingana na zisizolingana: mwonyeshe dogo kwa kiroba cha unga na mizani ya samaki

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, Jumamosi kaja kwangu Mbagala na swali moja la fizikia limemkaa kooni: boksi linavutwa sakafuni, mwendo haupandi wala haushuki, je kani (yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma) inayolivuta ni kubwa kuliko msuguano, ni sawa, au ni ndogo? Yeye kaandika kubwa, kawekewa kosa, basi. Ananiuliza, "Anko, sasa zikiwa sawa si boksi lingesimama?" Mimi nimefundisha tuisheni ubaoni miaka kadhaa nikaona hii ni ya nusu saa. Tumemaliza saa mbili usiku. Kwa hiyo naandika hapa ili wewe usipoteze jioni yako kama mimi.

Hatua ya 1: Vitu

Mizani ya springi yenye ndoano na mshale, ile wanayopimia samaki (mimi niliazima kwa jirani anayefata mzigo Feri), boksi gumu, kiroba cha unga kilo 5, kamba ya manila, na mkeka wa plastiki. Mizani ya dijitali ya kupimia mabegi achana nayo kabisa. Najua ni nzuri na ina taa, ila inasubiri namba itulie afu inaifunga, na wewe unataka kuona namba inavyopanda na kushuka. Mshale haukufichi kitu.

Hatua ya 2: Kilo kwenda nyutoni

Nyutoni ndo kipimo cha kani. Zidisha kilo kwa 10 unaipata. Ni 9.8 kwa usahihi, lakini mizani ya samaki haina usahihi huo.

Hatua ya 3: Kitu kilichotulia

Ning'iniza kiroba. Mshale unasoma 5, yaani dunia inakivuta chini kwa nyutoni 50 na springi inakivuta juu kwa 50. Zinalingana, kiroba kimetulia. Mwambie dogo achore mishale miwili yenye urefu sawa, na yote miwili iwe juu ya kiroba, sio mmoja kwenye kiroba na mwingine kwenye mkono wako. Hapa wengi wanachanganya na ile sheria ya mwanasayansi Newton ya "kila tendo lina jibu lake", yaani ukikisukuma kitu nacho kinakusukuma. Zile kani mbili za tendo na jibu zinakaa kwenye vitu viwili tofauti kwa hiyo hazifutani. Tunazosema zinalingana au hazilingani ni zile zinazokamata kitu kimoja.

Hatua ya 4: Kitu kinachotembea mwendo uleule

Hii ndo iliyotukalisha. Nilianza kama kila mtu anavyoanza, weka kiroba ndani ya boksi, funga mizani, vuta sakafuni, soma. Dogo anavuta mshale unaruka 2, unarudi 1, unaenda 1.8, boksi linaenda kwa kushtukashtuka kama daladala yenye klachi mbovu. Tumerudia labda mara ishirini. Mbaya zaidi namba aliyokuwa anaikamata ni ile ya kwanza kabisa, 2, afu anashangilia, "umeona anko, ni kubwa!" Ile namba ni ya kulibandua boksi pale lilipolala. Msuguano wa kitu kilicholala kwa kawaida unafika juu kuliko msuguano wa kitu kinachoteleza, ndo maana hata wasukuma mikokoteni Kariakoo wanajikunja pale mwanzo tu. Ukisoma namba ya kuanzia umejidanganya.

Na mkono wa binadamu hauwezi kuvuta kwa mwendo mmoja, kubali tu. Kwa hiyo geuza mambo: boksi lisitembee, sakafu ndo itembee. Tandika mkeka, weka boksi juu yake, funga kamba kutoka kwenye boksi hadi kwenye mizani na mizani ifunge kwenye mguu wa kitanda, chini kabisa ili kamba ilale sambamba na sakafu (kamba ikipanda juu inalinyanyua boksi kidogo, msuguano unapungua, namba inakuwa ya uongo). Sasa dogo avute mkeka taratibu kutoka upande wa pili. Mshale utaruka kwanza, puuza, afu utatulia. Wetu ulitulia kwenye 1.5, yaani nyutoni 15. Na jambo tamu ni kwamba dogo akivuta mkeka haraka kidogo au polepole, mshale unabaki karibu palepale.

Boksi limesimama, hilo halina ubishi, kwa hiyo kamba inavuta 15 na msuguano unavuta 15. Hapo nikamuuliza, je msuguano unajua kama ni mkeka unaopita chini ya boksi au ni boksi linalopita juu ya mkeka? Kakaa kimya. Nikamwambia akumbuke akiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, basi likishakuwa na spidi moja barabara imenyooka, si anasimama bila hata kushika bomba? Dereva akikanyaga breki ndo watu wanarukiana. Mwili wake haujali basi liko kituoni au liko kwenye 50, unajali mabadiliko tu. Kacheka, "kwa hiyo kumbe kusimama na kwenda sawasawa ni kitu kimoja." Ndiyo bwana, kwa hiyo jibu la swali lake ni kani ziko sawa. Newton kaliandika hilo 1687 na bado linatutoa jasho Mbagala. Hata treni ya SGR ikishafika 160 kwa saa na kubaki hapo kwenye njia iliyonyooka, injini inavuta sawasawa na upepo na msuguano vinavyoirudisha nyuma, jumla sifuri.

Hatua ya 5: Zisizolingana

Rudi sakafuni, mkeka ubaki chini ya boksi na mtu aushikilie usiteleze. Vuta mpaka mshale usome 2.5, yaani 25. Toa 15 za msuguano, inabaki 10, gawa kwa kilo 5 (boksi tupu uzito wake puuza), mchapuko ni 2, maana yake kila sekunde spidi inaongezeka mita 2 kwa sekunde. Chumba kitaisha haraka, angalia kabati. Ukiachia kamba ghafla boksi halisimami palepale, linateleza kidogo huku zile 15 peke yake zikilipunguza mwendo.

Kona pia iko humu. Bajaji ikikata kona spidi ileile bado kani hazilingani, kwa sababu uelekeo umebadilika.

Jambo la mwisho, kabla ya kuanza hakikisha mshale uko sifuri mizani ikiwa tupu. Ya jirani ilikuwa imezidi kama gramu 200 nikalazimika kutoa kila mahali, na sijui nimwambieje, maana samaki wake nanunua kila wiki.