Kuchimba Monero kwa kompyuta ya nyumbani: anzia kwenye Luku

Vijana wanaoniletea kompyuta nizitengeneze huniuliza: fundi, hii mashine inaweza kuchimba? Inaweza: kuchimba ni kuipa kompyuta hesabu za kuhakiki miamala ya sarafu ya kidijitali, nawe ukalipwa kwa sarafu hiyo. Wasichouliza ni umeme analipa nani, na hilo ndilo linaloamua mengine yote. Kwa hiyo hatuanzi na kupakua programu. Tunaanza ukutani, kwenye mita ya Luku.

Sarafu nitakayotumia ni Monero, kwa kifupi XMR. Bitcoin isahau, inachimbwa na mitambo maalumu isiyojua kazi nyingine. Ethereum iliacha kuchimbwa tarehe 15 Septemba 2022, na kadi za grafiki zikabaki kugombania sarafu ndogondogo. Monero, tangu tarehe 30 Novemba 2019, inatumia kanuni iitwayo RandomX, iliyotungwa makusudi ili prosesa ya kawaida ndiyo iwe chombo bora cha kazi. Kila heshi (jaribio moja la hesabu) inailazimisha prosesa iendeshe programu fupi za kubahatisha huku ikisoma RAM huku na kule. Atakayetaka kuunda mtambo maalumu wa kazi hiyo atajikuta ameunda prosesa nyingine.

Na kabla hatujaenda mbali: app ya simu inayokwambia unachimba kwa kubonyeza kitufe mara moja kwa siku haichimbi chochote. Anayekutaka uweke hela kwanza ndipo akuchimbie, mkimbie.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Mtandao wa Monero hutoa bloku moja (kifurushi cha miamala) kila dakika 2, na anayeipata hulipwa 0.6 XMR. Tangu Juni 2022 zawadi hiyo imesimama hapo, haishuki tena. Bloku 720 kwa siku mara 0.6 ni XMR 432, na hizo ndizo dunia nzima inagawana. Fungu lako linapatikana hivi:

heshi zako kwa sekunde ÷ heshi za mtandao mzima × 432

Mashine yangu ni Ryzen 5 3600 ya mkononi, inatoa heshi 7,000 hivi kwa sekunde. Tuchukue mfano mtandao uko kwenye heshi bilioni 5. Napata XMR 0.0006 kwa siku. Tuseme XMR moja ni dola 300 na dola ni shilingi 2,500: hiyo ni kama shilingi 450. Bei na nguvu ya mtandao hubadilika kila siku, kwa hiyo weka namba za siku unayosoma.

Sasa umeme. Huna haja ya kununua kipimo. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pamoja nayo, andika uniti zilizobaki kwenye Luku, acha mashine ichimbe saa 3, kisha soma tena. Yangu ilikula uniti 0.3, yaani wati 100. Kwa siku nzima ni uniti 2.4.

Aliye kwenye tarifu ya kawaida, ile ambayo shilingi 10,000 inakupa uniti kama 28, analipa karibu shilingi 356 kwa uniti. Mara 2.4 ni shilingi 854. Anachimba 450 kwa kuchoma 854. Huyo bora achukue hela yake akanunue XMR moja kwa moja, atapata nyingi zaidi na chumba kitabaki baridi.

Aliye kwenye tarifu ndogo, uniti kwa shilingi 122 pamoja na kodi, anatumia shilingi 293 na kubaki na faida ya 150 na ushee. Anaanza kutabasamu. Lakini tarifu ile ina mwisho wa uniti 75 kwa mwezi, na mashine peke yake itakula 72. Friji, taa, pasi na televisheni vigawane uniti 3! Ukivuka mpaka, uniti za ziada zinapanda bei, na tabasamu linaisha.

Anayebaki ni mwenye umeme ambao ungepotea bure. Hata wakubwa wanafuata kanuni hiyohiyo: Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, imekuwa ikichimba bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro tangu 2020. Kwetu sisi wadogo, umeme wa namna hiyo ni sola ambayo betri zake zimejaa kufikia adhuhuri. Nitalirudia hili mwishoni.

Hatua ya 2: Ikague mashine

RandomX inataka RAM ya MB 2,336 kwa ajili yake peke yake, kwa hiyo GB 4 inabanana na GB 8 inatosha. RAM ikae vipande viwili, si kimoja: prosesa husoma njia mbili kwa pamoja na tofauti utaiona. Muhimu kuliko hapo ni kache ya L3, kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa. Kila uzi wa uchimbaji (kazi moja inayokwenda sambamba na nyingine) unahitaji MB 2 za kache. Core i5 ya kizazi cha nne yenye MB 6 itaendesha nyuzi 3 tu, hata kama ina koa (viini vya kazi) 4. Ryzen 5 3600 ina MB 32, nyuzi zote 12 zinaenea. Kwenye Linux andika:

`lscpu | grep L3`

Laptopu sikushauri. Itachimba, ndiyo, lakini feni yake ndogo itaimba usiku kucha na betri inaweza kuvimba kwa joto. Na kompyuta ya ofisini au ya maabara ya shule usiiguse kabisa. Kuchimba kwa umeme wa mwingine bila ruhusa yake ni wizi tu, hauna jina jingine.

Hatua ya 3: Fungua pochi

Pakua pochi rasmi (programu ya kutunzia sarafu zako) kutoka getmonero.org, au Feather, ambayo ni nyepesi kwa mashine dhaifu. Pochi rasmi itakupa maneno 25 ya siri, Feather hutoa 16. Yaandike kwenye karatasi. Usiyapige picha, wala usijitumie WhatsApp. Aliye na maneno hayo ndiye mwenye pesa, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Anwani yako kuu inaanza na 4 na ina herufi 95. Fungua pochi ya pekee kwa uchimbaji, usiichanganye na ya akiba.

Hatua ya 4: Pakua XMRig

Programu ni XMRig, ya bure na msimbo wake uko wazi. Ichukue xmrig.com au kwenye ukurasa wake wa GitHub, si kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu Telegram. Antivirusi itapiga kelele. Inapiga kwa sababu wezi wengi huificha XMRig hiihii ndani ya programu za bure na kuchimba kwenye kompyuta za watu. Ndiyo maana unahakiki faili kabla ya kulifungua:

`sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing`

Likitoka jibu la OK, endelea. Likitoka jingine, futa faili. Kwa kawaida XMRig hukata asilimia 1 ya muda wa kuchimba kwa ajili ya walioitengeneza. Mimi nimewaachia.

Hatua ya 5: Kurasa kubwa, halafu jaribio

Hapa ndipo wengi hupoteza nguvu ya mashine bila kujua. Kwa kawaida Linux hugawa RAM vipande vya KB 4. RandomX inapapasa GB 2 nzima bila mpangilio, na prosesa huchoka kutafuta kipande kiko wapi. Ipe vipande vya MB 2, ndizo kurasa kubwa:

`sudo sysctl -w vm.nr_hugepages=1280`

Kisha jaribu bila intaneti wala pochi:

`sudo ./xmrig --bench=1M`

Tafuta mstari unaosema `huge pages 100% 1168/1168`. Ukiona asilimia pungufu, RAM imeshakatikakatika. Washa mashine upya na utoe amri ile mapema kabla hujafungua kivinjari. Neno `sudo` lina kazi yake pia: linairuhusu XMRig kurekebisha mipangilio ya ndani ya prosesa, na heshi zinapanda. Kwa wa Windows, iendeshe kama msimamizi mara moja, washa kompyuta upya, kisha iendeshe tena.

Namba utakayopata hapa irudishe kwenye hesabu ya hatua ya 1. Ikikataa, ishia hapa. Hujapoteza hata mia.

Hatua ya 6: Jiunge na kundi

Kuchimba peke yako kwa heshi 7,000 ni kusubiri karibu miaka 3, kwa wastani, kupata bloku moja. Wachimbaji hukusanyika katika kundi, wakagawana kadiri ya kazi ya kila mmoja. Njia ni mbili.

Kundi la kawaida lina seva ya mtu. Unaunganisha hivi, ukiweka anwani ya seva na porti walizokupa:

`sudo ./xmrig -o SEVA:PORTI -u ANWANI_YAKO -p mashine1 -k --tls`

Ukiona neno `accepted` kwa kijani, umo. Bando haliumii, uchimbaji wenyewe hutumia data kidogo sana. Kitu cha kuangalia kabla hujajiunga ni kima cha chini cha malipo, maana hapo ndipo wageni wanaponaswa. Kundi linalolipa kuanzia 0.1 XMR litakusubirisha siku 165 ukichimba mchana na usiku kwa kasi yangu. Mengine hukuruhusu ushushe kima hadi 0.003. Chagua hayo.

Njia ya pili ni P2Pool, kundi lisilo na mwenye seva wala ada. Malipo yanaingia pochini moja kwa moja. Ndiyo naipenda, kwa sababu kundi moja likiwa kubwa mno linaitishia sarafu nzima. Agosti 2025 wachimbaji wa Qubic, mradi wa sarafu nyingine, walikusanya nguvu nyingi kiasi cha kupindua bloku 6 za Monero kwa mkupuo, yaani kuzifuta na kuweka zao. Fahamu tu kwamba anwani za wachimbaji wa P2Pool huonekana hadharani, na hiyo ndiyo sababu ya pochi ya pekee.

Gharama yake ni kuendesha nyumbani nodi ya Monero, yaani programu inayofuata na kuhakiki historia yote ya miamala:

`./monerod --prune-blockchain --zmq-pub tcp://127.0.0.1:18083 --db-sync-mode safe`

`./p2pool --mini --host 127.0.0.1 --wallet ANWANI_YAKO`

`sudo ./xmrig -o 127.0.0.1:3333`

Tumia SSD, na ya GB 256 inatosha. Lakini kushusha historia yote ya miamala kwa bando la simu ni maumivu, subiri upate intaneti isiyopimwa. Na hilo neno `safe` usilitoe. Mimi nililiacha mara ya kwanza ili nodi iende kasi. Siku ya nne umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na hifadhidata ikaharibika. Nikaanza upya kutoka bloku ya kwanza ya Aprili 2014. Mke wangu aliniuliza bando la mwezi limeenda wapi, nikajifanya sijasikia.

Hatua ya 7: Joto na vumbi

Prosesa itafanya kazi asilimia 100 kwa saa nyingi, jambo ambalo haikuzoea. Andika `sensors` na uangalie. Mimi sipendi joto livuke nyuzi 80 za selsiasi. Likivuka, fungua kasha, peperusha vumbi kwa blowa (shikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo), badilisha pesti ya joto, kisha punguza nyuzi za uchimbaji kwa `-t 8`. Ukiwa Dar mwezi wa pili, hata hivyo hutafurahi.

Hatua ya 8: Kubadili kuwa shilingi

Binance iliiondoa Monero Februari 2024, kwa hiyo wachimbaji wengi hubadilisha XMR kwanza kuwa sarafu nyingine kwenye masoko yaliyobaki, ndipo wauze. Jaribu na kiasi kidogo kabla ya kutuma chote. Kuhusu sheria, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Weka kumbukumbu zako.

Hatua ya 9: Mashine ichimbe umeme ukiwa bure tu

Mashine yangu sasa iko dukani kwa shemeji, anayeuza vinywaji baridi kwa umeme wa sola. Saa tano asubuhi betri zinakuwa zimejaa, na kinachozidi hakina pa kwenda. Baada ya kuiweka amri ya kurasa kubwa kwenye `/etc/sysctl.conf` ili ijiwekee yenyewe mashine inapowaka, nilifungua `sudo crontab -e` na kuandika mstari huu:

`0 11 * * * timeout 4h /opt/xmrig/xmrig -c /opt/xmrig/config.json -l /var/log/xmrig.log`

Inaanza saa tano kamili, inazima saa tisa alasiri kabla jua halijalegea. Ndani ya `config.json` weka seva, porti na anwani zilezile za hatua ya 6. Kukiwa na mawingu naizima kwa mkono, kwa sababu soda za shemeji zina haki kuliko heshi zangu.

Saa nne kwa siku ni XMR 0.0001. Kwa bei za mfano wetu, shilingi 75. Shemeji huniuliza kila jioni leo tumepata ngapi, nami humjibu nusu andazi. Mwezi ukiisha kima cha 0.003 kinatimia, kundi linatuma, naye huja kuchungulia simu yangu kuona zimeingia.